Wino, ngozi na mwenye mali: dini hugombania nini katika tatuu?

Katika karne ya 9, Kaisari Theophilos wa Constantinople aliwakamata watawa wawili, ndugu wa damu, Theodore na Theophanes. Walikuwa wametoka Palestina kutetea picha takatifu ambazo yeye alizipiga marufuku. Hakuwaua. Aliamuru wachanjwe usoni mistari 12 ya shairi la kuwatukana, na inasimuliwa kwamba alimwambia aliyetumwa kulitunga asijali hata kama beti zenyewe si nzuri. Sijui ni adhabu gani ingemuuma zaidi Theophanes, ambaye alikuwa bingwa wa kutunga nyimbo za ibada, kuliko kuzeeka na shairi bovu usoni. Theodore alifia kifungoni. Kaisari naye akafa, upepo ukageuka, na Theophanes akafanywa askofu mkuu wa Nicaea, akawa anaongoza ibada kwa uso uleule. Makanisa ya Mashariki huwakumbuka ndugu hao kama watakatifu, na jina lao ni Graptoi, yaani Walioandikwa.

Nawakumbuka hao kila ninaposikia mtu akitangaza kwamba mwenye tatuu hauoni ufalme wa mbinguni. Najua jibu litakalokuja: hao hawakutaka, walilazimishwa. Sawasawa. Lakini ukishakubali hilo, umekubali pia kwamba wino uliomo ndani ya ngozi haukuambii kitu peke yake. Inabidi uulize nani kaandika, kaandika nini, na maandishi yanasema mtu huyu ni wa nani.

Swali hilo la mwisho ndilo lililo chini ya ugomvi wote. Nimekuwa nikisoma yaliyoandikwa na Wayahudi, Wakristo na Waislamu kuhusu chale, chapa na tatuu, na naona wanarudi palepale: mwili ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuutia alama. Niseme mapema kwamba mimi sina tatuu hata moja, na sababu yangu haina utakatifu wowote. Naogopa sindano.

Tuanze na andiko linalotajwa kuliko yote, Walawi 19:28: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu, mimi ndimi BWANA." Mhubiri husoma nusu ya pili, akafunga kitabu. Angekiacha wazi kidogo, angeona aya ya 27 inakataza kunyoa denge na kuharibu pembe za ndevu. Mhubiri aliyepanda mimbarini kidevu kinang'aa, akasoma aya ya 28 kwa sauti kuu, ameiruka ya 27 kama mtu anavyoruka dimbwi. Aya ya 19 inakataza nguo ya nyuzi za aina mbili. Aya ya 18, kwa bahati, ndiyo ile ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako. Sura hiyo ni kapu lenye kila kitu, na anayechota humo anapaswa kueleza kwa nini amechota hiki na kuacha kile.

Sisemi kwamba aya hiyo haina uzito. Nasema uzito wake uko mahali pengine. Kuchanja chale kwa ajili ya wafu kulijulikana katika mataifa ya jirani. Kumbukumbu la Torati 14:1 linalikataza tena, na katika 1 Wafalme 18 manabii wa Baali wanajikatakata mpaka damu inachuruzika ili mungu wao awasikie. Kuhusu kuandika alama, neno la Kiebrania lililotumika halionekani mahali pengine popote katika Biblia, kwa hiyo hata wanazuoni hutafuta maana yake kwa kupapasa. Walijaribu kuipata zamani sana. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, inasema mtu hana hatia mpaka achanje na kutia rangi, vyote viwili. Akifanya kimoja tu haadhibiwi. Kisha inaongeza kauli iliyopokewa kutoka kwa Rabi Shimoni: hana hatia mpaka aandike Jina. Jina lipi? Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inauliza swali hilohilo, je, ni jina la Mungu? Inajibu: hapana, jina la sanamu.

Katika karne ya 12 Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa sheria za Kiyahudi, alilifafanua bila kuzunguka. Alisema hiyo ilikuwa desturi ya waabudu sanamu, waliojitia alama kwa ajili ya sanamu zao, kana kwamba wanasema mtu huyu ni mtumwa aliyeuzwa kwa sanamu hii.

Mtumwa aliyeuzwa. Hapo ndipo panaponivutia, kwa sababu Maimonides hakuwa anabahatisha. Katika kisiwa cha Elephantine, ndani ya mto Nile karibu na Aswan, kulikuwa na kambi ya askari Wayahudi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na nyaraka zao za Kiaramu zimesalia. Hati moja ya kugawana urithi inawataja watumwa waliotiwa alama mkononi, maandishi yanayosema ni mali ya bibi yao, kwa jina lake. Tatuu ilikuwa hati ya umiliki. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika karne hiyohiyo, anasimulia kuhusu hekalu moja kwenye mlango wa Nile: mtumwa aliyetoroka akifika hapo, akatiwa alama takatifu na kujitoa kwa mungu, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Yaani angeweza kubadilisha bwana, mradi abadilishe chapa.

Ukiwa na picha hiyo kichwani, rudi kwenye Isaya 44:5. Nabii anaeleza siku ambayo watu watarudi kwa Mungu kwa hiari: mmoja atasema mimi ni wa Bwana, mwingine ataandika. Ataandika wapi? Tafsiri moja husema ataandika kwa mkono wake, nyingine juu ya mkono wake, na Kiebrania kinaruhusu zote mbili. Anachoandika ni "wa Bwana", mtindo uleule wa alama za watumwa wa Elephantine. Sura tano mbele, Mungu mwenyewe anachukua sindano: "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Ni lugha ya mfano, bila shaka. Lakini mtu hachagui mfano kutoka kwa kitu anachokiona ni uchafu mtupu. Nabii alichukua alama ya mtumwa na kumvisha Mwenyezi.

Uyahudi wa kidini mpaka leo haukubali tatuu, na sababu yake inaeleweka ukiifuata kutoka mwanzo. Kisichoeleweka ni uvumi unaozagaa, hata kwa Wayahudi wengi, kwamba mwenye tatuu hazikwi katika makaburi ya Kiyahudi. Hakuna sheria ya namna hiyo. Ni tisho la wazazi lililopewa kanzu ya dini.

Wakristo hali yao ni ya kuchekesha kidogo, kwa sababu walirithi aya na hawakurithi mjadala. Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba anachukua mwilini mwake "chapa zake Yesu". Neno alilotumia kwa Kigiriki ni stigmata, na msomaji wa wakati ule alilijua vizuri: ndizo alama walizotiwa watumwa na wahalifu, aghalabu kwa sindano na wino. Labda alimaanisha makovu ya mijeledi. Hata hivyo alichagua neno la aibu, akalivaa kama nishani: nina bwana, msinisumbue.

Kaisari Konstantino, mwaka 316 hivi, aliamuru waliohukumiwa kwenda migodini wasitiwe alama usoni, kwa kuwa uso umefanyika kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mikono na ndama za miguu, endeleeni. Sheria hiyo mara nyingi hutajwa kama katazo la Kikristo la tatuu, na si hivyo hata kidogo. Vivyo hivyo mkutano wa kanisa wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 8, ambao watu husema kwamba papa aliutumia kupiga tatuu marufuku. Taarifa ya wajumbe wake inalaani kutia mwili rangi kwa ushirikina wa kipagani, lakini inakiri kwamba mtu akivumilia jeraha hilo kwa ajili ya Mungu angepata thawabu kubwa. Kitendo kimoja, sindano ileile, hukumu mbili. Kilichobadilika ni jina la mwenye mali.

Na Wakristo wa kawaida walikwisha kuamua zamani. Prokopio wa Gaza, akieleza aya ileile ya Isaya 44 katika karne ya 6, anasema wengi walikuwa wanajitia alama ya msalaba au jina la Kristo kwenye vifundo vya mikono au mikononi. Wakopti wa Misri wanaendelea na msalaba mdogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na mtoto huweza kuupata akiwa mchanga. Wakristo wengi wa Ethiopia na Eritrea wameubeba kwenye paji la uso. Wakatoliki wa Bosnia, chini ya utawala wa Waosmani, waliwachora mabinti zao misalaba mikononi na vifuani. Mahujaji waliofika Jerusalem walirudi na msalaba na mwaka wa safari chini ya ngozi. Mskoti William Lithgow alifanya hivyo mwaka 1612, na mwaka 1862 yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII wa Uingereza akafuata. Familia ya Razzouk, yenye asili ya Kikopti, bado inafanya kazi hiyo katika mji wa kale wa Jerusalem, ikiwa na mihuri ya mbao ya kupigia ramani ya mchoro kabla ya sindano. Wenyewe husema ukoo wao umekuwa katika kazi hiyo kwa miaka 700.

Sasa mtu wa kanisa jipya la mjini, ambaye imani yake ina umri wa miaka 20, amwambie Mkopti kwamba msalaba ule ni alama ya mnyama? Tena ile hofu ya Ufunuo 13 na namba 666 huwa inasahau ukurasa unaofuata. Ufunuo 14 inaanza na watu 144,000 wenye jina la Mwanakondoo na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso. Pande zote mbili zina chapa. Yohana hakuona watu wasio na alama; aliona watu wa mabwana wawili. Na katika sura ya 19, yule mpanda farasi mweupe ana jina limeandikwa katika vazi lake na paja lake. Paja! Wafafanuzi wamehangaika nalo karne nyingi.

Limebaki lile la mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6. Nimelisikia likitumiwa dhidi ya tatuu, sigara, hereni, na unene. Paulo alikuwa anazungumzia zinaa, na aya inayotangulia inaisema waziwazi. Ingekuwa rahisi nikaishia hapo nikisherehekea. Ila ukisoma mpaka mwisho unakuta sentensi inayowapa wapinzani wa tatuu hoja nzito kuliko ile waliyoileta: "wala ninyi si mali yenu wenyewe, maana mlinunuliwa kwa thamani." Hii ndiyo hoja ya Kikristo ninayoiheshimu. Haikuambii usichorwe. Inakuuliza umeomba ruhusa kwa nani. Papa Francis, alipokutana na vijana Roma mwezi Machi 2018, aliwaambia wasiogope tatuu, akataja misalaba ya Waeritrea, akasema shida ni kupita kiasi, kisha akamshauri padri amuulize kijana ile alama ina maana gani. Ni ushauri wa mchungaji zaidi ya hukumu ya sheria.

Kwa Waislamu mambo ni tofauti, na sipendi ile tabia ya wachambuzi kuzitia dini zote kwenye chungu kimoja wakakoroga. Kwa Wasunni walio wengi katazo ni la wazi. Hadithi zimo katika Bukhari na Muslim, mikusanyo ya hadithi inayoaminiwa zaidi: wamelaaniwa wenye kuchanja na wenye kutaka kuchanjwa. Kiarabu ni washm, yaani kudunga ngozi kwa sindano mpaka damu itoke, kisha kujaza wanja au nila. Riwaya ya Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, inawaweka pamoja na wanaong'oa nyusi na wanaotenganisha meno kutafuta uzuri, na inatoa sababu: wanabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yanatikisa kumbukumbu ya Sura An-Nisaa aya ya 119, Shetani anapoapa kwamba atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadili alivyoumba Mungu.

Masikio ya wanyama yameingiaje? Waarabu kabla ya Uislamu waliwakata masikio ngamia waliowekwa wakfu kwa masanamu. Kwa mara nyingine tunakutana na alama ya mwenye mali, na kwa mara nyingine mwenye mali ni sanamu. Ila alama yenyewe haikuwa haramu kwa kila hali. Anas anasimulia kwamba alimwona Mtume akiwatia chapa ngamia wa zaka kwa mkono wake. Alichokataza ni kumtia mnyama chapa ya moto usoni. Kwa hiyo mnyama anaweza kuwa na alama ya hazina ya umma, kwa sababu ni mali na lazima ijulikane ya nani. Binadamu si mali ya hazina, wala ya kabila, wala yake mwenyewe. Muumba alikwisha kumaliza kazi kwake. Huo ni ufahamu wangu wa jinsi vipande hivi vinavyoshikana, na mwenye elimu zaidi anisahihishe.

Kuna uwazi mdogo ndani ya katazo. Riwaya ya Ibn Abbas katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Daudi inaongeza maneno "bila ya ugonjwa", na wanazuoni wakatoa humo ruhusa ya tiba: nukta ndogo za wino zinazowekwa ili mionzi ya saratani ipige palepale kila siku, kwa mfano. Upande wa Washia, Ayatollah Ali al-Sistani wa Najaf anaona tatuu inaruhusiwa kwa asili yake, na kwamba haizuii udhu kwa kuwa wino uko chini ya ngozi. Hili la udhu linasumbua wengi bila sababu. Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, milimita moja au mbili ndani, ambako chembe za kinga huumeza, na zikifa nyingine huuchukua. Maji ya udhu hayana haja ya kufika huko. Hina hukaa juu na huondoka yenyewe ngozi inapojikunyua, na ndiyo maana haikuwahi kuingia katika mjadala huu.

Imam Nawawi, karne ya 13, alikuwa na hoja nyingine. Kwa wanazuoni wa madhehebu yake, mahali palipochanjwa ni najisi kwa sababu ya damu iliyoganda humo, hivyo paondolewe ikiwezekana. Kisha anaongeza jambo ambalo wahubiri wa leo hulisahau. Ikihofiwa kwamba kuondoa kutaleta madhara, kupoteza kiungo au hata kuachia kovu baya mahali pa wazi, si lazima. Akitubu, hana dhambi. Nawawi hakujua leza. Alijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na hakutaka mtu alipie ujana wake kwa nyama ya uso.

Alikuwa na watu wa kweli wa kufikiria. Kwa karne nyingi wanawake wa Kiamazighi (Waberber) wa Afrika Kaskazini, na wa Kibedui kuanzia Misri hadi Iraki, walichora kidevu na paji la uso huku wakiswali swala tano. Ilikuwa urembo, kinga ya jicho baya, na kitambulisho cha ukoo. Vizazi vya karibuni vimeacha, na elimu ya dini ina sehemu katika kuacha huko. Wamebaki bibi vizee wachache wenye nukta za kijani kidevuni, wakisikia redioni kwamba wamelaaniwa kwa jambo walilofanyiwa wakiwa na miaka 10. Kama unamjua mmoja wao, msomee Nawawi.

Kwingineko nitapita haraka. Nchini Thailand kuna sak yant, michoro ya kinga inayochanjwa na watawa wa Kibuddha au na mafundi wa mila. Hekalu la Wat Bang Phra hufurika kila Machi. Anayechorwa hupewa masharti, kama kutoiba na kutosema uongo, na akiyavunja nguvu ya mchoro inakwisha. Mafundisho ya Buddha yanahimiza kuuona mwili kama kitu kinachopita, kwa hiyo sidhani kwamba sak yant imetoka moja kwa moja humo. Sri Lanka, nayo nchi ya Kibuddha, ilimfukuza mtalii mmoja wa Uingereza mwaka 2014 kwa kuwa na picha ya Buddha mkononi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa na alipwe fidia. Mwenyewe alisema aliichora kwa heshima. Waliomkamata waliona kufuru. Huko Tahiti, mwanzoni mwa karne ya 19, sheria zilizotungwa kwa ushauri wa wamisionari zilifuta tatuu. Samoa wamisionari haohao hawakufaulu, na leo mwanamume wa Kisamoa mwenye pe'a, tatuu ya mila, kuanzia kiunoni hadi magotini huketi kanisani Jumapili bila mtu kushtuka. Injili moja, visiwa viwili.

Lakini kwa Waramnami wa Chhattisgarh, India, lazima nisimame kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 watu hawa wa tabaka lililotengwa, waliozuiwa kuingia mahekaluni na kugusa sanamu, walimfuata mtu aliyeitwa Parasuram na kuanza kuchanja jina la mungu Ram mwilini. Mikononi, kifuani, usoni, wengine mpaka kwenye kope. Mlinzi wa mlango wa hekalu anaweza kukufukuza. Hawezi kukuvua ngozi. Unaona walichofanya? Wale waliosema mwili ni hekalu walikuwa wanakataza. Hawa walilichukua neno kama lilivyo, wakaandika juu ya ukuta.

Alama za kulazimishwa ndizo zinazopima dini vizuri kuliko za hiari. Auschwitz ndiyo kambi pekee ya Wanazi iliyowachora wafungwa namba kwa utaratibu, na kwa Myahudi mcha Mungu tusi lilikuwa mara mbili: umefanywa bidhaa, tena kwa njia ambayo Torati imekataza. Rabi Ephraim Oshry, aliyenusurika katika geto la Kovno, mtaa wa Lithuania ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, aliletewa swali na mwanamke ambaye askari wa Kijerumani walimchora mwilini maneno ya kumwita kahaba wa majeshi ya Hitler. Aliuliza kama anaruhusiwa kuyaondoa. Rabi angeweza kujibu kwa neno moja, maana tatuu ni haramu na kuiondoa ni jema. Alijibu kwamba hana haja ya kuyaondoa. Ayahifadhi, kwani ni alama ya heshima yake na ushahidi juu ya waliomfanyia. Huko nyuma, baada ya mauaji ya halaiki ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915, wanawake wa Kiarmenia waliochukuliwa jangwani walirudi kwa watu wao na nyuso zilizochorwa kwa desturi ya waliowashika, na wengi hawakupata wa kuwaambia maneno kama ya Oshry. Baadhi ya wajukuu wa walionusurika Auschwitz, kwa upande wao, wamejichora namba za babu zao kwa hiari. Kisheria ni kosa. Sina ujasiri wa kuwaambia.

Tatuu ya siku hizi kwa kawaida haitaji mungu yeyote. Inasema mimi ni wangu. Mwanamke anafunika kovu la titi lililokatwa kwa ua. Aliyewahi kuuzwa na wafanyabiashara ya binadamu anafunika chapa waliyompiga. Kijana anachora jina la mama yake, na mwingine, ole wake, jina la mpenzi wa miezi mitatu. Hapo ndipo dini zinapokuwa na la kusema, na ndipo zinapobabaika, maana zimezoea kupambana na sanamu za jirani na sasa zimekuta sanamu imeondoka, kiti kimekaliwa na mwenye mwili mwenyewe. Aya ya ndevu haisaidii. Kutishia moto hakusaidii. "Ninyi si mali yenu wenyewe" ingesaidia, lakini mwenye kuisema anatakiwa naye aonekane ameishi kama mtu asiyejimiliki, na hiyo ni gharama ambayo wengi wetu hatutaki kuilipa.

Katika ile hadithi ya Ibn Mas'ud kuna mwanamke sikumtaja, Umm Ya'qub wa Bani Asad. Alisikia kuhusu laana, akamwendea Ibn Mas'ud. Akamwambia ameisoma Kur'ani yote, kutoka jalada hadi jalada, na hakuliona hilo. Akajibiwa kwa aya: anachokupeni Mtume kichukueni, na anachokukatazeni jiepusheni nacho. Hakuondoka. Akasema, lakini mkeo naona anafanya baadhi ya hayo. Ibn Mas'ud hakukasirika wala hakumwambia mwanamke anyamaze. Akamwambia: ingia ndani ukatazame. Akaingia chumbani kwa mke wa mwanachuoni, akachunguza, akatoka. Hakuona kitu.